Nyuzi Thelathini na Saba

Nilichota kwa ncha ya kijiti,
kiasi cha punje ya mtama,
kutoka kopo la mama lililokaa dirishani
kati ya sindano na picha ya Lakshmi.
Sikuomba. Nilikuwa nawahi basi la alfajiri la Sambalpur,
na mwizi wa nyumbani habishi hodi.

Kwetu Barpali gudakhu haina aibu:
tumbaku iliyosagwa, sukari guru, chokaa,
udongo mwekundu,
maji ya kisima ambacho hakuna anayekiulizia.
Hukandwa kwa mikono, ikaachwa gizani
mpaka inukie utamu,
ikauzwa kwa bei ya kiberiti.

Mama huiita dawa ya meno.
Alikuwa na miaka kumi na miwili, jino limemkesha siku tatu,
shangazi yake akampaka ufizini.
Maumivu yakalala.
Kidole hakikulala tena.

Kila akimaliza kufunga mafundo mia
kwenye uzi utakaochovywa rangi, hufungua kopo.
Kidole ni kile kile, cha kushoto,
nili upande mmoja, kahawia upande wa pili.

Mimi kazi yangu ni kupima maji ya bomba.
Siku ile ilibaki sahani moja.
Nikaizimua gudakhu mara elfu, nikaitandaza juu ya jeli,
nikaandika S.M. mahali pa namba,
nikafunga kabati la kuoteshea:
nyuzi joto thelathini na saba.
Mama hajui nyuzi nyingine ila za pamba.
Lakini hilo ndilo joto la kinywa chake
akiwa amenyamaza, akihesabu mafundo.

Kesho yake sahani ya bomba ilikuwa tupu kama uso wa karani.
Ya mama ilikuwa na mji.
Vitongoji vya rangi ya maziwa yaliyoganda,
vingine vimekunjamana kama kitambaa kisichopigwa pasi,
na kimoja cha manjano, peke yake,
kinang'aa kama kipini cha pua.

Wamo bakteria wanaojifungia ndani ya mbegu ngumu:
wakaushe, watie chokaa, waweke rafuni mwaka mzima,
watangoja.
Na wamo wasiohitaji kumuuma mtu.
Hula nitrati ya jani, wakaacha nitriti,
na nitriti ikikutana na nikotini humo humo koponi
huzaliwa kitu ambacho Daktari Pradhan
hukitaja kwa sauti ya chini
akimmulika mtu tochi shavuni.

Nilimwonyesha mama picha kwenye simu.
Akavaa miwani, akaikagua
kama anavyokagua kitambaa cha mfumaji mwingine,
akitafuta kosa.
"Vyangu ni vipi?"
"Vyote, mama."
"Hata mtindi una wadudu," akasema,
"na wewe umekua kwa mtindi."

Sikuwa na jibu fupi. Jibu refu lilitaka ubao, chaki,
na mtu ambaye hakunizaa.
Nikasema tu: hakuna anayelala na mtindi shavuni.
Akacheka, na alipocheka nikaliona,
kushoto, nyuma ya gego la chini:
doa jeupe, kama ukucha wa mtoto.
Halifutiki kwa kidole.
Najua, kwa sababu alijaribu mbele yangu.

Tumepewa tarehe hospitali ya Burla,
Jumanne, baada ya sikukuu ya mchele mpya.
Watakata kipande,
kidogo kuliko kile nilichoiba,
nacho kitapewa namba.

Tangu siku ile mama anawasimulia majirani
kwamba binti yake kamfundisha usafi.
Anasukuma bangili hadi kwenye kiwiko,
ananawa kwa sabuni, kidole baada ya kidole,
anasuuza, anakung'uta maji,
anajikausha kwa taulo jipya,
kisha anafungua kopo.